Saratani ya ovari ukiwa Uingereza: usinunue kipimo, jua cha kumwambia daktari

Ukiishi Uingereza, ukifika miaka 25 NHS, huduma ya afya ya umma, huanza kukuita kupimwa mlango wa kizazi, na ukipita 50 wanakuita kwa ajili ya matiti. Barua ya ovari, yaani vifuko vya mayai, hutaipata, kwa sababu uchunguzi wa aina hiyo kwa wanawake wote haupo. Na kile kipimo cha mlango wa kizazi hakigusi ovari, ingawa wengi wetu hudhani kimemaliza vyote.

Si ubahili. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKCTOCS ulifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi; baadhi walipimwa kila mwaka kwa damu ya CA125 (protini ambayo saratani ya ovari huweza kuipandisha), wengine kwa altrasaundi. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kipimo cha damu kiliwahi kugundua baadhi ya saratani mapema, lakini vifo havikupungua. Ndiyo maana zile pakeji za kliniki binafsi za "kupima saratani zote", za huku na za nyumbani tunapokwenda likizo, mimi singezitolea hela kwa ajili ya ovari. CA125 hupandishwa na faibroidi, endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake), hata hedhi yenyewe. Nani kati yetu hana ndugu mwenye faibroidi? Unaweza kupasuliwa bila sababu. Tena ikiwa chini usijipongeze: karibu nusu ya saratani za hatua ya kwanza haziipandishi.

Ukiwa na dalili, hapo ndipo kipimo kina kazi. Tumbo kujaa hadi sketi haifungi, kushiba kwa matonge mawili, maumivu ya nyonga au chini ya kitovu, kukojoa kila mara. Zikikurudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa ukiwa na miaka 50 au zaidi, mwongozo wa NICE, taasisi inayowaelekeza madaktari wa NHS, unamtaka daktari apime CA125. Ikiwa juu kuliko kawaida, altrasaundi ifuate. Ukisema tu "tumbo linanisumbua" utarudi na dawa ya gesi. Andika tarehe kwenye simu, umsomee. Majibu yakiwa mazuri na dalili zisiishe, rudi tena. Kujiandikisha kwa GP, daktari wa mtaani kwako, hakudai karatasi za ukaazi, na mkalimani ni bure, umwombe unapochukua miadi. Usimbebeshe mwanao kazi ya kutafsiri habari za hedhi yako.

Kuna kitu kompyuta ya daktari haina: ukoo wako. Bibi alifariki "tumbo lilimvimba", shangazi alipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, basi, mazungumzo yakaishia hapo. Mpigie simu mkubwa wa ukoo. Usitangulize neno saratani, wazee hulikwepa. Uliza nani aliugua titi, nani tumbo, na alikuwa na umri gani. Upande wa baba usiuache, maana hitilafu ya jeni za BRCA1 na BRCA2, inayoongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari, hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama. Ukiwa na majibu hayo, mwombe GP akupeleke kliniki ya jeni. Anayekutwa na hitilafu ya BRCA1 huzungumzishwa kuhusu kuondolewa ovari na mirija akishamaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40.