Jinsi ya kuwasimulia watoto utoto wa Nyerere bila kuwaboa

Usianze na mwaka bana, ukisema tu "alizaliwa 1922" dogo kashalala. Anza na mvua, maana siku anazaliwa pale Butiama ilikua inanyesha ndo akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kabila lake, hapo waache wapige hata makofi ya matone kwenye meza. Halafu mwoneshe akichunga mbuzi, mtoto wa chifu kabisa lakini anachunga kama wenzake. Shule kaanza na miaka 12 hivi, Mwisenge kule Musoma, akalala bweni, we muulize mwanao ingekua yeye angebeba nini. Sekondari aliyosoma Tabora gusia tu, siasa waachie wakikua.