Kabla Hujafungua Pampu: Msumeno wa Mnyororo Unaovuja Oili Ukiwa Umezimwa

Asubuhi unafungua stoo na kukuta msumeno uliouweka jana umekaa juu ya doa zito la oili. Mkono unakimbilia bisibisi na akili inakimbilia pampu. Iache kwanza bisibisi. Kwenye misumeno mingi ya siku hizi pampu ya oili husukuma pale tu mnyororo unapozunguka, kwa hiyo mashine iliyozimwa tangu jana jioni haikusukuma chochote usiku kucha. Oili imepata njia nyingine ya kutoka, na njia hizo karibu zote unaweza kuzikagua bila kuigusa pampu.

Anza kwa kujua kilichomwagika ni nini. Kiguse, ukisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili ya mnyororo inanata, na vidole vikiachana inavutika kama uzi. Petroli iliyochanganywa na oili ya injini ni nyepesi, ina harufu kali na hukauka upesi ikiacha utando mwembamba. Ukikuta ni petroli, toa mashine nje, mbali na moto na cheche, maana hilo ni tatizo jingine kabisa na la hatari zaidi. Ukikuta ni oili, hakikisha injini imepoa, chomoa waya wa plagi (au toa betri kama msumeno ni wa umeme), kisha vaa glavu nene. Mnyororo uliosimama bado unakata.

Sasa jiulize swali ambalo watu wengi hulipita: kweli unavuja? Kazi ikiisha, oili hubaki kwenye mfereji wa bapa (upanga wa chuma ambao mnyororo unauzunguka), kwenye viungo vya mnyororo, na hasa kwenye unga wa mbao uliojazana chini ya kifuniko cha klachi. Unga ule huinywa oili kama sponji, kisha huiachia polepole kwa saa nyingi. Ala ya plastiki nayo hukusanya matone yanayotoka kwenye bapa, na ukiiinamisha yanamwagika yote kwa pamoja na kukutia hofu bure. Matone machache baada ya kazi ni ya kawaida. Tangi la oili lililokuwa nusu jioni likakutwa tupu asubuhi, huo ndio uvujaji.

Wa kwangu ulipoanza kuchafua sakafu, nilifungua nati za kile kifuniko cha klachi cha pembeni, nikatoa bapa na mnyororo, nikakwangua unga wote kwa mswaki wa zamani, nikapangusa mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Nikaweka alama kwenye tangi palipofikia oili. Kisha nikaulaza juu ya katoni safi na kuchora umbo lake lote kwa kalamu, ili asubuhi nijue doa liko chini ya sehemu ipi. Lilikuwa chini ya kifuniko cha tangi. Nilipokifungua nikakuta kibanzi cha mti, chembamba kama unyoya, kimelala juu ya oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko. Hicho tu. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya pampu.

Ndiyo maana kifuniko kinastahili kutazamwa kwa makini. Oringi iliyozeeka hukakamaa na kubonyea, na wakati mwingine inakuwa na mpasuko unaoonekana tu ukiivuta kidogo. Kifuniko kilichokaa upande kinaweza kuonekana kimekaza huku oili inapita. Pangusa mdomo wa tangi kabla ya kukifungua, si baada, kwa kuwa uchafu huingia wakati huo huo wa kujaza.

Baada ya hapo fikiria joto. Ndani ya tangi mna oili na mna hewa. Msumeno ukiwekwa ukiwa bado wa moto, au stoo ikipigwa na jua, hewa ile hutanuka na kuisukuma oili itoke hadi kwenye tundu linalolisha bapa, hata kama pampu ni nzima. Tangi lina vali ndogo ya hewa inayoruhusu hewa kuingia kadiri oili inavyotumika, na inayopaswa kuizuia oili isitoke. Ikichoka, oili hutokea hapo hapo kwenye vali. Ikiziba, shinikizo hubadilika ndani na mtiririko wa oili unaharibika. Jaribio ni rahisi: ukimaliza kazi, acha mashine ipoe, legeza kifuniko mpaka hewa itoke, kikaze tena, ndipo uiweke. Usiku huo doa likikosekana, umeshajua kisa ni shinikizo. Usichokoe tundu la vali kwa waya. Mpira wa ndani huchanika kirahisi.

Aina ya oili nayo ina neno. Oili ya mnyororo hutengenezwa iwe ya kunata ili isirushwe na mzunguko, na unato huo huo huifanya itoke kwa shida mashine ikiwa imetulia. Oili nyepesi hupenya popote. Wanaotumia oili chakavu ya injini wanajidhuru mara mbili: ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na bapa, na si salama kwa ngozi.

Angalia pia unavyoulaza. Bapa likielekea chini, oili inateremka kwa uzito wake. Uweke sawa, au ncha ya bapa iwe juu kidogo.

Haya yote yakishindwa, ndipo uende ndani: mpira unaotoa oili tangini kwenda kwenye pampu, ambao hupasuka kwenye maungio, kisha sili za pampu, kisha ufa kwenye tangi lenyewe. Skrubu ya kurekebisha oili usiiguse kwa lengo la kuzuia uvujaji. Inapunguza oili ya kazini tu, na bapa litaungua kwa ukavu huku sakafu ikiendelea kulowa.

Ukishatengeneza, usiridhike na katoni kavu. Rudisha kila kitu mahali pake, washa, elekeza ncha ya bapa kwenye karatasi nyeupe au kisiki chenye rangi ya kung'aa bila kukigusa, kisha ongeza mwendo kwa sekunde chache. Ukiona mstari mwembamba wa oili unajichora pale, mnyororo unapata chakula chake na unaweza kurudi kazini.