Leseni Yangu Iliisha 31 Agosti: Kwa Wenzangu Wanaopenda Bunduki za Zamani Huku Marekani

Kama uko Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi na umeanza kuonja utamu wa bunduki za zamani, soma hapa kabla hujatoa dola yako. Mimi nilifundishwa na wakili wa uhamiaji, na mawakili wa huku hufundisha kwa saa, na kila saa ina bei yake.

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles ya Mwingereza. Alipelekwa Burma, akarudi Tanga na koti zito na kikohozi ambacho hakikumwacha. Sisi wajukuu alikuwa akituchorea bunduki yake mchangani kwa kijiti. Kwa hiyo siku nilipoingia duka moja hapa Texas nikaona Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Mwingereza, imeegemezwa ukutani, niliitambua kabla sijasoma kibandiko. Mti wake umekolea rangi ya chai ya rangi. Kwenye chuma cha shingo ya kitako, chini ya kikono cha kukokea, kuna taji, herufi G R, BSA Co., 1917. Nikapitisha kidole gumba juu ya taji lile, na hapo akili ikaniruka.

Msinione mjinga. Nilikuwa na H-1B, viza ya kazi, na nilijua kwamba sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kumiliki bunduki, au hata risasi moja. Lakini nilijua pia kwamba sheria hiyo ina mlango: ukiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, unaruhusiwa. Hilo ni kweli, si la kijiweni. Nikakata leseni mwezi Novemba, mimi ambaye sijawahi kumkimbiza hata sungura. Mwenye duka akaambatanisha nakala, nikajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, akapiga simu rekodi yangu ikaguliwe, nikaondoka na bunduki. Nusu saa haikufika. Kule nyumbani ningekuwa bado nasubiri muhuri wa mtendaji kata, OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, sijamwona, kamati ya usalama ya wilaya haijakaa.

Sasa shikeni hapa. Leseni ya kuwinda ya Texas haihesabu miezi kumi na miwili tangu ulipoinunua. Inaisha 31 Agosti. Ukiikata Novemba, inaisha 31 Agosti. Ukiikata Julai, inaisha 31 Agosti ileile. Na mwenye duka anaitazama siku ya kuuza tu. Hakuna atakayekukumbusha, hakuna barua, hakuna simu. Tarehe 1 Septemba niliamka, nikapiga mswaki, nikaenda kazini, na bunduki ukutani kwangu ilikuwa imegeuka kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Nilikaa nayo hivyo miezi saba.

Niligundua wakati tunaandaa makaratasi ya kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu. Wakili aliuliza kama nina silaha, nikajibu kwa majivuno, nikamwonyesha na picha. Akauliza, "Leseni yako iliisha lini?" Nikaitoa kwenye pochi. Tuliisoma pamoja, kimya. Akaniambia kuanzia dakika hiyo nisiiguse. Mambo yalimalizika bila mashtaka, jinsi gani nitabaki nayo mwenyewe, lakini Lee-Enfield niliyoinunua dola 700 iliondoka kwa 350, na ada ya wakili ilikuwa zaidi ya zote mbili.

Kwa hiyo narudia: kinachohesabiwa ni siku uliyo nayo mkononi, si siku uliyonunua. Narudia tena: ombi la kadi ya kijani likishapokelewa, bado huna kadi. Usijifariji na risiti. Na muda ulioruhusiwa kukaa ukiisha ukabaki nchini, huo mlango wa kuwinda nao umefungwa. Ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha unaweza kurudishwa kwenu hata ukiwa na kadi.

Mtego wa pili ni neno lenyewe "ya kale". Kwetu bunduki ya Vita vya Kwanza ni ya kale, nani atabisha? Sheria ya Marekani inabisha. Kwake ya kale ni iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ile yangu ya 1917, yenye zaidi ya miaka mia, ni bunduki kamili kama iliyotoka kiwandani jana. Kichekesho ni kwamba mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Mjerumani huko kwetu bado zilibeba Mauser za modeli ya 1871, zile za kutoa wingu la moshi. Bunduki hizo, kwa sheria ya shirikisho, si silaha. Ningempenda babu wa upande wa mama, aliyekuwa kwa Mjerumani, nisingelipa wakili. Lakini majimbo yana yao. New Jersey na Illinois zina kadi zao za bunduki, uliza kwanza.

Ukishapata kadi ya kijani, njia ni fupi: leseni ya mkusanyaji, Aina 03, dola 30 kwa miaka mitatu, na daftari la kuandika kila kinachoingia na kutoka. Inahusu bunduki za miaka 50 na zaidi ambazo hazijakatwakatwa wala kugeuzwa.

Wamarekani nimewashindwa. Bia wanakuomba kitambulisho hata ukiwa na mvi, halafu kwenye maonyesho ya bunduki mtu binafsi anakuuzia bunduki mezani, kando ya mitungi ya asali, bila karatasi. Wazee wakusanyaji ni wakarimu, watakueleza kila namba. Lakini mtu mweusi akitoka na bunduki ndefu kwenda kwenye gari, hata iwe ya makumbusho, jirani ameshapiga 911 kuita polisi. Nunua mkoba wa kubebea siku hiyohiyo.

Na ninyi jamaa wa nyumbani, nawapenda. Shangazi, siwezi kuificha moja ndani ya godoro kwenye kontena la Tanga "iwe ukumbusho wa mzee." Kuitoa huku ni kibali, kuiingiza huko ni kibali, na mimi sitaki kwenda gereza la Maweni. Binamu, kununua kwa jina langu ili ukae nayo wewe ni jela kwa wote wawili. Na mpwa wangu uliye chuoni huku kwa F-1, viza ya masomo, ile picha ya uwanja wa shabaha uliyoweka status, ukiwa umeshika bunduki ya kukodi, ifute.

Aliifuta. Jana kanitumia picha nyingine, leseni mpya ya kuwinda, na vidole gumba vitatu. Nimemwuliza inaisha lini. Tiki mbili za bluu, jibu bado.