Namna ya Kuendesha Mjadala wa Legacy of Kain Barazani

Hapa Lamu mjadala mzuri hauhitaji barua ya mwaliko. Huzuka wenyewe barazani baada ya swala ya isha, vikombe vya kahawa vikiwa vinazunguka, na mtu mmoja akitamka jina la Kain, mnyonya damu aliye mhusika mkuu wa gemu za video za Legacy of Kain, basi usingizi umekwisha. Nimekaa katika mabishano hayo kwa miaka kadhaa, na nimeona mengi yakivunjika kwa sababu ileile: mmoja analalamikia hadithi, mwenzake anamjibu kwa kutetea uchezaji, na hakuna anayetambua kwamba wanazungumzia mambo mawili. Maelekezo haya ni kwa yeyote anayetaka kuusimamia mjadala huo ili watu wainuke wakiwa wamejua jambo ambalo hawakulijua walipoketi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba wote wanajua gemu zenyewe ni zipi na zilitoka kwa mpangilio gani. Blood Omen ilitoka mwaka 1996 ikiwa kazi ya Silicon Knights. Kisha Crystal Dynamics ikaendelea na Soul Reaver mwaka 1999, Soul Reaver 2 mwaka 2001, Blood Omen 2 mwaka 2002 na Defiance mwaka 2003. Mpangilio huu una uzito, kwa kuwa Blood Omen 2 ilitengenezwa na kikosi tofauti na kile cha Soul Reaver 2 ingawa kampuni ilikuwa moja, na sehemu kubwa ya migongano ya hadithi inaanzia hapo. Ninashauri pia muache kuwaita wahusika hawa mumiani. Mumiani wa masimulizi yetu ya pwani ni binadamu anayesemekana kuwatoa wenzake damu kwa ajili ya dawa au biashara, ilhali mnyonya damu wa Nosgoth, nchi ya gemu hizi, ni maiti aliyefufuliwa, na hukumu ya kama ni laana au ni haki yake ya kale ndiyo kiini cha hadithi nzima. Ukitumia neno lisilofaa, umekwisha kumhukumu Kain kabla hajasikilizwa.

Baada ya hapo, weka sharti moja ambalo mimi silegezi kamwe: kila anayeleta hoja ya hadithi aseme maneno hayo ameyasikia kwa nani. Katika Soul Reaver, Raziel, mnyonya damu aliyekuwa mtumishi wa Kain, anatupwa kwenye Ziwa la Wafu na Kain kwa kosa la kuota mabawa kabla ya bwana wake, na anapozinduka baada ya karne nyingi, anayemweleza mambo ni yule Mzee wa chini ya ardhi mwenye mikono kama ya pweza. Mchezaji mgeni huyapokea maelezo yake kama ukweli. Anayefika Defiance hugundua kwamba Mzee huyo alikuwa na njaa yake mwenyewe na kwamba alikuwa akimtumia Raziel. Kwa hiyo mtu akisema kuwa Soul Reaver inaipinga Defiance, muulize kwa utulivu: inayopinga ni gemu, au ni msemaji mwongo aliyemo ndani yake? Mara nyingi swali hilo pekee huondoa nusu ya kile kinachoitwa kasoro.

Nusu inayobaki ni ya kweli, na haifai kufunikwa. Mfano ulio bora ni Vorador, mnyonya damu wa kale. Katika Blood Omen anakatwa kichwa mbele ya umati; katika Blood Omen 2, inayotokea karne kadhaa baadaye, yuko hai na anazungumza. Wapo wanaojibu kwamba historia ilibadilika Kain alipouchomoa upanga uitwao Soul Reaver kutoka mwilini mwa Raziel mwishoni mwa Soul Reaver 2, na jibu hilo lina mashiko, kwa kuwa mfululizo wenyewe umetufundisha kwamba upanga uleule ukikutana na nafsi yake ya wakati mwingine huifanya historia iyumbe. Hata hivyo, Blood Omen 2 haimwonyeshi mchezaji namna Vorador alivyorudi. Msimamizi anapaswa kuwazuia watu wasiyageuze makisio yao kuwa matini. Makisio yaitwe makisio, hata yakiwa mazuri.

Kuna kundi la tatu, nalo ni mambo yaliyokatwa kwa kukosa muda. Turel, mmoja wa ndugu za Raziel, hayumo kabisa katika Soul Reaver, na tunamkuta katika Defiance. Soul Reaver inakatika Kain akikimbilia mlango wa wakati, ingawa sauti zilizorekodiwa kwa ajili ya mwisho mwingine zilibaki ndani ya diski, na toleo lililosafishwa la Desemba 2024 liliwaruhusu wachezaji kutembea katika baadhi ya maeneo yaliyoachwa. Pengo la namna hii si uzembe wa mtunzi wa hadithi, na anayelijadili kama fumbo la makusudi anajichosha bure.

Sasa ingieni kwenye kasoro za ubunifu, na hapa chukueni muda wenu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, kero hii inasema neno lolote la hadithi? Chukua upanga wa Raziel. Katika Soul Reaver, ukiwa katika ulimwengu wa vitu, si ule wa roho, upanga hujitokeza tu nguvu za Raziel zinapokuwa zimejaa. Ukipigwa mara moja, unatoweka. Katika Soul Reaver 2 unaweza kuuita wakati wowote, lakini roho za maadui waliouawa kwa upanga zinaliwa na upanga wenyewe, nawe hupati nafuu, na ukiutumia mno unakugeukia na kukunyonya. Wengi hulalamika. Mimi husimamisha mchezo hapo na kuwaomba watazame kile kijipimo cha upanga kinavyopanda, kwa sababu mwisho wa gemu utafichua kwamba roho yenye njaa iliyofungwa ndani ya upanga ni ya Raziel mwenyewe. Kidole kilikuwa kimekwisha kuambiwa siri hiyo saa nyingi kabla ya sikio.

Linganisha na yale mawe ya kusukuma. Raziel anavuta jiwe, analibingirisha, analipanga ukutani hadi picha itimie, kisha chumba kinachofuata anakuta mawe mengine. Picha zina uzuri wake, lakini kusukuma hakumwelezi Raziel wala Nosgoth, na chumba cha tatu cha aina hiyo ni kasoro tupu. Vivyo hivyo kamera ya Defiance, ambayo hugeuka yenyewe ukiwa unakimbia na kukurudisha ulikotoka.

Wakishindwa kukubaliana, wapeleke kwa Rahab, ndugu mwingine wa Raziel katika Soul Reaver. Ukoo wake umeyashinda maji yanayowaunguza wanyonya damu wengine, lakini mwanga wa jua unawaumiza zaidi, na Raziel anamwua kwa kuvunja vioo vya madirisha ili jua limwangukie. Sisi tuliolelewa na kisa cha Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomweza ila sindano ya shaba kitovuni, tena mkononi mwa mwanawe, hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini pambano hilo linagusa. Hapo hadithi na uchezaji ni kitu kimoja, na mtu akishaliona hilo kwa Rahab, atajua anachokidai anapolaumu sehemu nyingine.

Weka daftari karibu. Hoja ambayo haikupata jibu iandikwe pamoja na jina la gemu na mahali tukio lilipo, ili kikao kijacho kianze kwa kuicheza sehemu hiyo mbele ya wote. Kwetu ukurasa wa kwanza bado una swali moja tu: kichwa cha Vorador.