SOMO: Kupima wanga kwenye jani bila kuunguza maabara

Mbukwenyi jamani. Mitihani ya vitendo ya kidato cha nne ikikaribia, naletewa swali lile lile kutoka kila kona: "Mwalimu, jani langu limegoma kuwa jeusi, nifanyeje?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza tuelewane jaribio hili linapima nini. Halipimi usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Linapima wanga. Jani likipata mwanga, umbijani, yaani ile rangi ya kijani iliyo ndani ya vichembe vya seli viitwavyo kloroplasti, hunasa nishati ya jua, na kwa nishati hiyo jani hutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya ukaa. Sukari inayozidi matumizi hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba humo humo ndani ya kloroplasti. Iodini inakuonyesha hiyo akiba kwa kugeuka bluu inayokaribia weusi, basi. Haikwambii kama imewekwa leo au juzi.

Hatua ya 1. Panda maharage au kunde kwenye kopo, maana kopo linabebeka. Majani yake ni laini na yanatii.

Hatua ya 2. Maliza wanga wa zamani. Weka kopo ndani ya kabati lenye giza kwa siku mbili nzima. Gizani jani halitengenezi chochote, ila seli zake zinaendelea kupumua na kula, kwa hiyo wanga unavunjwa kuwa sukari, unatumika au unasafirishwa kwenda sehemu nyingine za mmea. Ukiruka hatua hii, jani zima litakuwa jeusi mwishoni, hata pale ulipoziba mwanga, halafu utaandika kwenye karatasi kwamba mwanga hauhitajiki. Msahihishaji atakucheka, na ana haki. Kabla ya kuendelea, chuma jani moja la kabatini ulipime. Likibaki na rangi ya kahawia ya iodini, uko tayari.

Hatua ya 3. Ziba sehemu ya jani moja kwa foili, juu na chini, ubane kwa vibanio vya karatasi.

Hatua ya 4. Toa mmea juani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Umwagilie kabla. Hili nalisema kwa ajili yetu wa Dodoma, maana vitabu vingi havilisemi: mmea ukinyauka unafunga stomata zake, yaani vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ili usipoteze maji, na stomata zikifungwa hewa ya ukaa haiingii. Mtu anaweka kopo kavu kwenye bati la moto mwezi wa kumi, jioni anapata jani lisilo na wanga, analaumu iodini. Kama jua ni kali mno, weka kopo chini ya mti mahali penye mwanga wa kutosha.

Hatua ya 5. Chuma jani, toa foili, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili. Seli zinakufa, utando wake unavunjika, na iodini itapata njia ya kuingia.

Hatua ya 6. ZIMA MOTO.

Hatua ya 7. Spiriti. Hapa ndipo nyusi zangu zilikoishia nikiwa kijana, kwa hiyo soma taratibu. Kazi ya spiriti ni kuyeyusha umbijani ili jani libaki jeupe na rangi ya iodini ionekane. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 hivi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hauendi juu ukapotea, unateleza juu ya meza kama kitu kinachotafuta moto. Kiberiti cha mwenzako wa meza ya pili kinatosha kuuwasha. Ubaya zaidi, mwali wake ni wa bluu hafifu, na kwenye chumba chenye jua la dirishani huuoni mpaka ukuunguze.

Kwa hiyo: weka jani ndani ya testi tyubu, mimina spiriti ilifunike, kisha simamisha testi tyubu ndani ya bika lenye yale maji ya moto ambayo moto wake umekwisha zimwa. Spiriti itaanza kuchemka yenyewe. Maji yakipoa kabla jani halijawa jeupe, badilisha maji. Maji mengine yachemshwe mbali, yaletwe kwa chupa ya chai. Usiongeze spiriti kwenye chombo ambacho bado ni cha moto na jiko liko karibu. Usipashe spiriti juu ya jiko, liwe la gesi, la mkaa au la spiriti yenyewe. Usiinamie mdomo wa testi tyubu kuchungulia. Ikishika moto, usibebe chombo kukimbia nacho. Funika kwa kigae, kitambaa kilicholowa au mchanga, moto utakosa hewa. Na spiriti ya kuwashia ina methanoli, sumu inayopofusha macho, kwa hiyo wanaonusa nusa na kulamba waache.

Hatua ya 8. Toa jani kwa kibano, lirudishe kwenye maji ya moto sekunde chache. Likitoka kwenye spiriti huwa gumu na linavunjika.

Hatua ya 9. Litandaze kwenye kigae cheupe, dondoshea iodini yenye rangi ya chai ya rangi, subiri dakika mbili. Palipopata mwanga patakuwa bluu inayokaribia weusi. Palipozibwa patabaki kahawia. Chora ulichokiona, si ulichokikariri.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WADAU

Kidato4_Kongwa: Nimefanya hatua zote lakini jani halijabadilika. Iodini yangu ni mbovu?

Mwandishi: Dondoshea iodini kwenye kipande cha ugali. Ukiwa mweusi, iodini ni nzima. Umetumia jani gani?

Kidato4_Kongwa: La kitunguu.

Mwandishi: Hatua ya 1 inasema maharage au kunde. Kitunguu akiba yake kwenye jani ni sukari, si wanga. Usanisinuru unafanyika vizuri tu, ila jaribio hili haliwezi kuuona. Rudi mwanzoni.

Zabibu_Tamu: Naomba majibu ya praktikali ya wanga, ni ya kesho, haraka tafadhali.

Mwandishi: Yako juu, hatua tisa.

Mzee_wa_Bunsen: Mwalimu wetu anachemsha spiriti moja kwa moja juu ya moto miaka yote na hatujawahi kuungua. Naona unatutisha bure.

Mwandishi: Ndugu, sijasema kila atakayefanya hivyo ataungua. Nimesema mvuke unashika moto, na hilo halibadiliki kwa kuwa mlikuwa na bahati. Hapa wanasoma watoto watakaojaribu nyumbani kwenye jiko la mama. Sibadilishi hatua ya 6.

Nyuki_wa_Manyoni: Mwalimu shikamoo. Tumefundishwa kwamba huku kwetu juu maji hayafiki nyuzi 100. Je, bado yataichemsha spiriti?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri sana hili. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Spiriti nayo inashuka kidogo chini ya 78, kwa sababu ile ile ya mkandamizo mdogo wa hewa. Pengo kati yao linabaki kubwa, jaribio halidhuriki. Maharage ya kula ndiyo yanayochelewa kuiva.

MamaTumaini: Mwanangu anasoma shule ya kata, maabara yao haina iodini. Ya duka la dawa ya kupaka vidonda inafaa?

Mwandishi: Inafaa mama, ila ipunguze kwa maji mpaka ifikie rangi niliyosema. Spiriti ya vidonda nayo inafanya kazi, ila taratibu, maana imechanganywa na maji. Awe mvumilivu abadilishe maji ya moto mara mbili tatu. Awe na mtu mzima karibu. Iodini ikidondokea sare ya shule, paka maji ya limau kabla haijakauka: vitamini C iliyomo inaifanya iodini ipoteze rangi.

Nyuki_wa_Manyoni: Kama iodini inageuza ugali kuwa mweusi, mbona chumvi yenye madini joto haiugeuzi?

Mwandishi: Wewe utafika mbali. Madini joto ya kwenye chumvi huwekwa kama iodeti, yaani iodini iliyofungamana na oksijeni. Wanga unabadilika rangi pale tu iodini iliyo huru inapojipenyeza ndani ya minyororo yake iliyojisokota. Tena kiasi cha kwenye chumvi ni kidogo mno.

Chamwino_Boy: Naweza kutumia petroli badala ya spiriti?

Mwandishi: HAPANA.

Mkulima_Msomi: Mimi si mwanafunzi, nalima mtama na uwele huku Bahi. Majani yake yatatoa majibu sawa na kunde?

Mwandishi: Yatatoa, ila angalia kwa lensi: weusi unajipanga zaidi kwa mistari, kandokando ya mishipa ya jani. Mtama, uwele na mahindi hunasa hewa ya ukaa kwanza kwenye seli za nje, kisha huisukuma hadi kwenye seli zilizoizunguka mishipa, na humo ndimo sukari na wanga vinajengwa. Kwa kuwa hewa hiyo inakusanywa kwa wingi pale ndani, mmea hauhitaji kufungua sana stomata, na kwa kila gramu ya chakula unapoteza maji machache kuliko kunde. Kwa mvua yetu ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, unaona faida yake shambani.

Ntyuka_Girl: Na minyaa ya uzio? Haina majani, sasa wanga uko wapi?

Mwandishi: Kwenye vile vijiti vya kijani. Vijani vyake ni vidogo na vinadondoka mapema, kazi inafanywa na shina, ambalo hufungua stomata usiku kukiwa na ubaridi, likahifadhi hewa ya ukaa kama asidi, mchana likafunga na kuitumia. Lakini usilikate kujaribu. Utomvu wake unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Kidato4_Kongwa: Nimetumia kunde, imekubali! Asante mwalimu. Sasa hili linaingiaje kwenye mada ya mfumo ikolojia? Tumeambiwa mada zinaungana ila sioni.

Mwandishi: Hongera. Angalia hapo ulipopata weusi: hicho ndicho chakula chote kinachoingia kwenye mfumo. Jani la mtama linapeleka sukari kwenye suke, inageuzwa wanga wa punje. Kwelea kwelea anashuka anakula punje. Mwewe anamla kwelea kwelea. Kwa makadirio ya kawaida, kila ngazi inapokea kama sehemu ya kumi tu ya nishati ya ngazi iliyo chini yake. Nyingine inapotea kama joto wakati viumbe wanapumua, nyingine inabaki kwenye kinyesi na sehemu zisizoliwa. Ndiyo maana kwelea kwelea wanakuja kama wingu na mwewe unamhesabu mmoja mmoja. Ukiulizwa kwa nini mnyororo wa chakula hauwi na ngazi kumi, jibu ndilo hilo.

Zabibu_Tamu: Samahani kwa jana mwalimu. Nimefanya mwenyewe, limekubali. Ile spiriti ya kijani iliyobaki nimwage wapi?

Mwandishi: Usimwage kwanza. Itie kwenye chupa safi ya kioo, ifunike, iandike jina, iwe mbali na jiko. Giza likiingia azima dukani ile taa ya kukagulia noti bandia, uimulike chupa kwa ubavuni. Itang'aa nyekundu. Umbijani bado unanasa mwanga, lakini umetolewa kwenye kloroplasti, hauna pa kuupeleka, kwa hiyo sehemu ya nishati unaitoa tena kama mwanga mwekundu. Fanya leo leo, maana ukiiacha juani itapauka. Kisha linganisha na jani bichi chini ya taa ile ile, uje utuambie umeona tofauti gani.