Unarudia muvi ya zamani ya ekshen na vichekesho kwenye diski mpya? Anza na TV yako kwanza

Muvi kali ya zamani ikitoka upya kwenye 4K, yaani diski yenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, imesafishwa, kava linang'aa, watu wengi wanatia diski kwenye deki wanabonyeza play halafu baada ya nusu saa utasikia mbona zamani ilikuwa inachekesha kuliko hivi. Muvi haijabadilika jamani. Ekshen ya vichekesho inaishi kwa taimingi, ngumi ikichelewa kidogo tu haiumi na kichekesho nacho vilevile, sasa TV za kisasa nyingi zinatoka kiwandani zimewashwa kila kitu cha kuvuruga hiyo taimingi.

Mfano nitatumia Police Story ya Jackie Chan, ile ya Hong Kong ya 1985, maana humo kupigana na kuchekesha havitengani, na mwaka uliofuata ilibeba tuzo ya muvi bora kwenye Hong Kong Film Awards kwa hiyo sio mimi peke yangu ninayeisifia.

Kabla hujanunua, cheki deki yako. Diski ya 4K haisomi kwenye deki ya Blu-ray ya kawaida, na PS4 nayo haiisomi hata ile Pro, ila PS5 yenye sehemu ya diski inasoma. Diski za 4K hazina mambo ya rijini, yaani kufungwa zicheze kwenye deki za sehemu fulani tu ya dunia, lakini Blu-ray za kawaida zinaweza kufungwa kwa rijini A, B au C, na mara nyingi ile diski ya pili ya ziada humo ndani ni Blu-ray ya kawaida, hapo ndipo watu wanapokwama. Basi.

Haya, TV. Ingia kwenye setingi za picha utafute ile ya kulainisha mwendo, kwa LG inaitwa TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus, kampuni nyingine zina majina yao, wewe zima tu. Muvi ilipigwa kwa fremu 24, yaani picha 24 moja moja, kwa sekunde, hiyo setingi inabuni fremu za kati ambazo hakuna kamera iliyozipiga, mwisho stelingi anateleza kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Na kwa muvi za Hong Kong ubaya unazidi, maana mafundi wa kule walikuwa na kawaida ya kupiga mapigano kwa fremu pungufu kidogo, 22 hivi, ili ikionyeshwa kwa 24 mikono iende kasi kuliko ilivyokuwa. Ule ukali ulipimwa na mtu. TV ikiulainisha unapotea wote, unabaki unaangalia watu wanaogelea hewani. Kama TV yako ina Filmmaker Mode iwashe, imeletwa kwa kazi hii hii, kama haina weka Cinema au Movie halafu shusha shapnesi.

Ukishazima hayo utaona picha ina chengachenga. Usishtuke, usiguse kitu! Hizo ni chembe za filamu yenyewe ya milimita 35, na diski ikiwa nazo ni dalili nzuri. Ubaya ni pale waliotengeneza toleo wamezifuta kwa kompyuta, sura zinakuwa kama nta, na kufuta kukizidi vinaondoka na vitu vidogo vinavyokwenda kasi, vumbi, cheche, vipande vya kioo. Sasa Police Story bila vipande vya kioo ni nini? Wale waliopiga muvi wenyewe walikuwa wanaitania Glass Story, kwa wingi wa vioo vilivyovunjwa mle ndani.

Zile pau nyeusi juu na chini pia ziache. Najua zinakera, najua umenunua TV kubwa, lakini usivute picha ijae kioo. Kanda za zamani za VHS zilikuwa zinakata pembeni ili picha ijae TV za mraba, na kwa muvi pana ya aina hii unapoteza zaidi ya theluthi. Angalia ile sehemu Jackie amepelekwa kituo cha polisi cha kijijini, yuko peke yake mezani na simu zinalia kila upande, anapokea hii anajibu ile, waya zinamzonga, huyu analalamika hivi yule vile na yeye anawachanganya. Utamu wote uko kwenye kuona mwili mzima, simu zote na ile meza kwa pamoja. Ukikata pembeni unabaki na jamaa anayeongea na simu.

Sauti ndiyo inayosahaulika. Diski inaweza kuanza yenyewe na sauti iliyotengenezwa upya kwa spika nyingi, ambayo wakati mwingine wameingiza milio mipya ya ngumi, tena mizito utadhani kabati limeanguka. Nenda kwenye menyu uchague sauti ya mwanzo kama ipo, ile ya mono (chaneli moja tu), lugha yenyewe. Midomo isipofuatana na maneno usikimbilie kurekebisha saundibaa, muvi za Hong Kong za miaka ile sauti ziliingizwa baadaye studio, hata Kikantoni chenyewe, lugha ya kule, hakikai sawasawa na midomo. Pima kwa mlango ukifungwa au kioo kikivunjika, hivyo vikichelewa ndio kweli una tatizo. Na sabtaito chunguza, kama zinaendelea kuandika wakati mtu amefunga mdomo na hamna sauti ujue zimenakiliwa kutoka ile iliyodabiwa Kiingereza, kama kuna trak nyingine hamia huko.

Kingine, kama ulizoea DVD ya mfumo wa PAL, ule wa TV za Ulaya na nchi nyingi za Afrika, ile ilikuwa inaenda kwa fremu 25, yaani asilimia 4 kasi zaidi, muvi ya dakika 100 inaisha kwa 96 na sauti zinapanda kidogo. Kwa hiyo diski mpya itaonekana kama imepoa mwanzoni. Vumilia, sikio litazoea.

Mara ya kwanza angalia mfululizo, simu weka mbali, usisimamishe. Kuna vichekesho vitakavyokufa mbele yako, jinsi yule demu wake anayechezwa na Maggie Cheung anavyosukumwasukumwa mimi siku hizi hainichekeshi sana, lakini pale jamaa anakanyaga kinyesi cha ng'ombe halafu anafuta kiatu kwa moonwalk, hapo bado nakufa.

Mara ya pili ndio cheza na rimoti. Nenda mwishoni, ndani ya ile shopping moll, Jackie anaruka toka ghorofani anadaka nguzo iliyozungushiwa taa anateremka nayo huku balbu zinapasuka hadi anatoboa kioo chini. Wameionyesha mara tatu kwa engo tofauti, usidhani diski imekwama. Simamisha engo mojawapo uangalie, ni yeye mwenyewe, na mikono iliungua kweli. Kisha rudia sauti ikiwa imezimwa, utaona jinsi kila pigo linavyoanza na kuishia ndani ya shoti moja pana, hamna kamera ya kutetemeka ya kuficha udhaifu.

Majina yakianza kupanda usizime, anaimba mwenyewe na zile stanti zilizobuma wameziweka hapo.

Na ile kopi yako ya zamani usiigawe haraka, hasa kama ina dabu uliyokulia nayo, maana matoleo mapya mengine yanaiacha nje kabisa. Geuza kava usome nyuma orodha ya sauti kwanza.