Mvua ikizidi, waangalie mbuzi wanaotupa mimba

Ndugu zangu mnaofuga Malindi na kando ya Sabaki: mvua kubwa ikishanyesha na mbu wakajaa, ukiona mbuzi na kondoo wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja na wadogo wanakufa, tafadhali usikimbilie kisu ili uokoe nyama. Huenda ni homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu Kenya mwaka 1997–98 na tena 2006–07, mara zote mbili baada ya mafuriko.

Wengi wetu huogopa mbu tu. Mbu huieneza kweli, lakini binadamu huipata zaidi kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa: kuchinja, kuchuna, kumzalisha. Kijusi kisiguswe kwa mikono mitupu. Vaa glavu, kizike mbwa wasikifikie. Maziwa yachemke. Mwite afisa wa mifugo mapema.

Chanjo ya mifugo ipo, ila ni ya kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia, sindano inayotoka mnyama hadi mnyama yaweza kuusambaza.

Na ukishikwa na homa baada ya kuchinja, mwambie daktari kwamba ulichinja. Usiponena, atafikiria malaria kwanza.